Nilivyojifunza Kuuza Viatu kwa Watu Nisiowaona

Pea ya kwanza niliyouza mtandaoni ilirudi. Ilikuwa Aprili 2020, viatu vya simpo vyeusi namba 39, mteja yupo Mbezi. Niliinunua kwa jumla shilingi 19,000, nikaiuza 28,000. Bodaboda alitaka 7,000 kutoka Kariakoo, nikasema nalipa mimi, mteja wa kwanza afurahi. Dada wa watu akavaa, vidole vikabana, akavua, akamrudishia kijana mfuko wake. Kijana naye akaomba 5,000 ya kurudi nao. Jioni nilikuwa na kiatu changu mkononi na pengo la 12,000, na mume wangu akaniuliza kwa upole kama ninajua ninachofanya. Sikujua.

Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza nilianzaje, na anayeuliza huwa anataka kuambiwa apakue programu gani. Programu ndiyo sehemu rahisi. Iliyonitoa jasho, machozi na fedha ni nyingine kabisa.

Nina fremu ya viatu vya kike Kariakoo tangu 2013. Kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo, iwe umeuza au hujauza. Kwa miaka saba biashara yangu ilikuwa mlango, sauti yangu, mawinga wanaoniletea watu, na kina mama wa mikoani wanaokuja kufunga mzigo. Huwa nasikia wakisema wafanyabiashara wadogo hatuingii mtandaoni kwa sababu simu ni ghali, bando ni ghali, elimu hatuna. Wapo wa hivyo, na bando kweli linauma. Lakini mimi simu nzuri nilikuwa nayo, na nilikuwa kwenye makundi matano ya WhatsApp ya vikoba na harusi. Picha za keki nilikuwa natuma kila siku. Kilichonizuia kilikuwa kichwani. Niliamini kiatu lazima mtu akivae ndipo anunue. Halafu Novemba 2019 Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania, na mtaani kwetu tukasema, kama wenye mtaji ule wamefunga duka, sisi ni nani?

Sababu ya tatu naitamka wazi kwa kuwa wengi wetu tunaificha: niliogopa kodi. Ukiposti mzigo, kila mtu anauona, na mimi mahesabu yangu yote yalikuwa kichwani.

Kilichonisukuma ni korona pamoja na kijana wa fremu ya jirani. Machi 2020 shule zilifungwa, watu wakaogopa msongamano, kina mama wangu wa Singida na Songea wakaacha kusafiri. Mzigo niliouagiza China ulikuwa umekwama. Kijana yule anauza raba. Kila jioni saa kumi bodaboda wanne walikuwa wanapanga foleni mbele ya mlango wake, na mimi nimekaa nafuta vumbi kwenye viatu vilevile vya juzi. Nimeshahudhuria semina za ujasiriamali, lakini hakuna iliyonigusa kama ile foleni. Siku ya nne nikamfuata.

"Shikamoo mama," akasema, akaacha kufunga mfuko. Nikamwambia shida yangu. Akanijibu: "Mama, wewe una wateja wa miaka saba. Anza na namba zao. Wageni watakuja baadaye."

Nilimshukuru, nikaenda kufanya kinyume chake. Nilifungua ukurasa wa Instagram, nikalipia matangazo ya 100,000 kwa wiki mbili. Laiki zilikuja mpaka nikachoka kuzisoma. Walionunua walikuwa watatu, na mmoja wao ndiye yule dada wa Mbezi. Tangazo nililirusha nchi nzima kwa kila umri, wanaume na wavulana wa shule wakiwemo, wakati nauza viatu vya mama wa ofisini. Laki ile ingetosha kuwapigia simu wateja wangu wote wa zamani na chenji ikabaki.

Kosa la picha lilikuja hapohapo. Nilitumia picha za mwenye kiwanda alizonitumia kutoka Guangzhou, zile zinazong'aa. Kiatu kikimfikia mteja, rangi imepoa kidogo, kisigino kifupi kidogo. Hakuna aliyenidanganya, ila mteja anaona mimi ndiye niliyemdanganya. Mama mmoja wa Tabata aliniandikia: "Umeniuzia picha." Niliisoma ile sentensi usiku, usingizi ukapotea. Tangu hapo picha tunapiga wenyewe, saa nne asubuhi, kiatu kikiwa kizingitini pa fremu ambapo mwanga unaingia bila jua kali, na kila pea ina picha ya soli na ya mshono wa ndani. Kikiwa na kasoro, kasoro nayo naipiga picha.

Namba ya kiatu pia usiiamini. Namba 39 ya mzigo huu si 39 ya mzigo ule. Sasa natumia rula. Kila mzigo ukifika napima urefu wa ndani kwa sentimita, naandika kwenye boksi. Mteja namwambia asimame kwenye karatasi, achore unyayo kwa kalamu, apime kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anitumie namba. Wengine wanaona usumbufu. Wanaokubali, viatu vyao haviji kurudi. Zamani kwenye kila pea ishirini zilikuwa zinarudi sita, leo ni mbili.

Na acheni ile "bei njoo inboksi". Nilikuwa nafanya hivyo kwa kuona wenzangu wanafanya, na kwa kuogopa majirani wasijue bei yangu. Nilikuwa najibu watu themanini kwa siku, sabini na tano wanauliza bei tu, wakiisikia wanapotea. Nilipoiandika chini ya picha, ujumbe ulipungua na mauzo yakaongezeka. Majirani bei yangu walikuwa wanaijua siku zote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kama ningeambiwa mapema ningeokoa fedha nyingi. Dukani, mimi na mteja tunaaminiana kwa macho. Anakiona kiatu, naiona noti. Mtandaoni kila mmoja wetu anajua habari za watu waliotapeliwa. Mteja ameshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mara kumi, kwa hiyo ninapomwambia atume fedha kabla, mimi na yule tapeli tunasikika sauti moja. Nami ninapotuma mzigo kabla ya fedha, yeye ndiye anayeweza kuwa tapeli. Hofu hii haimalizwi na maneno matamu. Lazima mmoja abebe gharama yake, na mwanzoni wa kubeba ni muuzaji. Nilichelewa kulielewa hilo, kwa hiyo nilikuwa naibeba bila kuihesabu, mwisho wa mwezi nashangaa faida imekwenda wapi.

Desemba 2020, wiki ya Krismasi, mtu alichukua pea mbili za 64,000. Bodaboda wake alikuwa mlangoni, foleni imejaa, ujumbe wa muamala ukaingia kwenye simu, jina, kiasi, kumbukumbu namba, kila kitu. Nikatoa mzigo. Usiku nahesabu, fedha haipo. Nilipoutazama ujumbe ule vizuri, ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu na si kwa jina la huduma kama siku zote. Nililia, nakiri, na zaidi kwa hasira ya kujiona nimeharakishwa. Tangu siku ile ujumbe siusomi kama ushahidi. Naingia kwenye menyu, naangalia salio, ndipo mfuko unatoka, hata kama bodaboda anapiga honi. Binti anayenisaidia haruhusiwi kutoa mzigo kabla ya kuniambia salio limesoma ngapi.

Kilichosaidia zaidi upande wa mteja ni Lipa Namba, ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, yenye jina la biashara. Awali nilikuwa nawapa namba yangu binafsi, inasoma jina langu la ubatizo na la ukoo ambalo halimo popote kwenye ukurasa. Mtu akiliona anasita, na ana haki. Jina la duka likitokea kwenye simu yake kabla hajabonyeza kukubali, na ni lilelile lililo kwenye kibao cha picha yangu, moyo unatulia. Kwa wateja wa Dar wanaolipa wakishapokea, naomba nauli ya bodaboda tu kabla. Aliyelipa nauli mara chache sana atazima simu bodaboda akiwa njiani.

Kwa mikoani tunagawana hofu. Analipa nusu, napeleka mzigo kwa basi, nampigia picha ya boksi likiwa na jina lake na risiti, ila namba ya risiti naifunika. Akimaliza nusu ya pili napeleka namba ile anayochukulia mzigo. Nimejifunza hili baada ya boksi la pea kumi na mbili la mteja wa Songea kupotea. Nililikabidhi kwa kondakta barabarani kwa sababu nilichelewa ofisi ya mizigo, nikapewa namba ya simu badala ya risiti. Simu ile ilipokelewa mara moja tu. Nilimlipa mama yule mzigo wake wote, 230,000, kidogo kidogo kwa miezi miwili. Mpaka leo ananunua kwangu, na ameniletea wenzake watatu. Lakini risiti ya basi ingenigharimu dakika ishirini.

Julai 2021 ilinipa mtihani mwingine. Usiku wa tarehe 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Fremu yangu haiko ndani ya jengo lile, lakini asubuhi simu kutoka mikoani hazikukoma, watu wanadhani Kariakoo yote imekwisha. Nilipiga picha mlango wangu ukiwa wazi, nikaiweka kwenye stetasi, nikaandika tarehe. Ile picha iliokoa oda za wiki nzima. Siku tano baadaye, tarehe 15, tozo za miamala ya simu zikaanza. Serikali ilizipunguza kwa asilimia 30 Septemba, lakini kati hapo niliona wateja wakibadilika mbele ya macho yangu. Waliokuwa wanalipa kwa simu wakaanza kusema watampa bodaboda taslimu. Na lile neno letu, "tuma na ya kutolea", yaani ongeza makato ya kutoa fedha, likawa ugomvi. Mteja anaona kiatu ni 30,000, mimi nataka 30,000 kamili mkononi, kila mmoja anamwachia mwenzake makato. Nikaamua bei niiandike ikiwa na makato ndani, mteja atume kiasi kilekile anachokiona. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Ukiwa unaanza, piga hesabu za makato kabla ya kupanga bei, na zirudie kila viwango vinapobadilika.

Tarehe 4 Oktoba mwaka uleule, Jumatatu, mitandao ya kijamii niliyokuwa naitumia ilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwetu ilianza kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ndio napanga mizigo. Nilikuwa na mifuko kumi na moja mezani, na majina, namba na maelekezo yote yalikuwa ndani ya WhatsApp. Bodaboda wamekaa, mimi nashika simu nawasha nazima. Hakuna mfuko hata mmoja uliotoka jioni ile. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nimeuacha msemo ule ukutani kwa baba yangu. Asubuhi nilinunua kaunta buku. Jina, simu, mahali, kiatu, sentimita, fedha iliyoingia, nauli, kama kimerudi na kwa nini. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, niliwapigia wateja simu ya kawaida mmoja mmoja kutoka kwenye daftari, na mizigo ikaenda.

Daftari hilo ndilo lililoniondolea hofu ya kodi. Nilikwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, nikiwa nimelibeba, nikakaa na ofisa, tukapitia mauzo yangu halisi. Mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu anatozwa kwa namna moja, mwenye kumbukumbu kwa namna nyingine, na mimi miaka yote nilikuwa kundi la kwanza kwa uvivu wangu. Nenda na TIN yako, ile namba ya mlipakodi, na vitabu vyako, uliza mapema, usingoje kuitwa.

Lililoniuma kuliko fedha zote ni la binti wa mdogo wangu. Tangu Mei 2020 yeye ndiye aliyekuwa ukurasa wenyewe: anapiga picha, anajibu wateja mpaka saa sita usiku, anaandika maneno matamu ambayo mimi siyawezi. Alikuwa ananiita mama mkubwa, analala kwangu, anakula kwangu, nampa nauli na vocha, nikaona tumemalizana. Februari 2022 alipata kazi ya hoteli Arusha. Aliondoka kwa heri, akaniahidi kuendelea kujibu akiwa kule. Mwezi haujaisha simu yake ikaibwa. Ukurasa ulikuwa umesajiliwa kwa laini yake na nenosiri analijua yeye, na alishalisahau kwa sababu simu ilikuwa inalikumbuka. Wafuasi elfu sita na zaidi, picha za miaka miwili, yote yakafungwa. Tulihangaika wiki tano. Haukurudi.

Nilimpigia mdogo wangu nikasema maneno ambayo natamani ningeyameza. Akanijibu kwa utulivu: "Dada, mwanangu amekufanyia kazi miezi ishirini na mbili. Ulimlipa nini?" Sikuwa na jibu. Tulikaa bila kuongea hadi Idi. Nilikwenda kwake na 400,000 kwa ajili ya binti, nikaomba radhi mbele ya mama yetu.

Kwa hiyo mwenye biashara awe na laini yake mwenyewe ya duka, iliyosajiliwa kwa kidole chake, simu ya duka ibaki dukani, nenosiri liandikwe na lifungiwe. Na anayekujibia wateja mlipe kama mfanyakazi, hata akiwa damu yako. Kazi ile ni kazi. Binti ninayemwajiri sasa anafunga saa mbili usiku, na tumeandika ukurasani kuwa baada ya hapo tutajibu asubuhi. Nilidhani tutapoteza watu, kumbe wanasubiri.

Kwenye ukurasa mpya nilirudi kwenye ushauri wa kijana wa raba, miaka miwili baada ya kunipa. Nilikusanya namba za wateja wa zamani kutoka kwenye daftari, mia moja arobaini, nikawaomba ruhusa mmoja mmoja kuwatumia mzigo mpya kila Ijumaa. Zaidi ya tisini walikubali. Wao ndio walioleta wageni, na mgeni aliyeletwa na mtu anayemjua haombi kuapishwa. Tangazo la kulipia sikuligusa kwa mwaka mzima.

Tulikosea pia kwenye kujisifu. Ili wageni watuamini, tulikuwa tunaposti picha za skrini za wateja wanaoshukuru. Mara moja jina na namba vilibaki wazi, na mteja yule akapigiwa simu usiku na wanaume asiowajua. Alinipigia akilia. Nilifuta na kumwendea hadi kwake Kigamboni. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, namba ya mtu ni yake. Tunaomba ruhusa, tunafuta jina, namba na picha ya wasifu.

Upande wa kufikisha mzigo nafuu imekuwa ndogo. Ile kazi ya anwani za makazi ya 2022 imetuwekea majina ya mitaa na namba za nyumba, nami huwa naziomba. Hata hivyo mteja bado anasema "ukifika kwenye duka la Mangi, nipigie," na bodaboda bado anazunguka. Nimechagua vijana wawili tu, mmoja njia ya Mbagala, mwingine Mbezi na Goba. Nawalipa kwa wiki, wanabeba mifuko mitano hadi nane kwa safari, na mteja anajua watapita Jumanne, Alhamisi au Jumamosi. Anayetaka leo leo analipa bodaboda wake. Na kwenye bei ya kila pea naweka 1,500 ya zile zitakazorudi. Nilifika kwenye namba hiyo kwa daftari: mbili zikirudi kati ya ishirini, kwa nauli ya 12,000 kwenda na kurudi, ni 1,200 kwa kila pea, na kidogo cha dharura. Ungekuwa unauza vyombo au madira, namba yako itakuwa nyingine. Itafute kabla ya pea ya kwanza kutoka mlangoni.

Mama anayeuza madira mkabala na mimi amekuwa akisema mtandao ni wa vijana. Wiki iliyopita alikuja na daftari jipya, ameandika namba kumi na nane za wateja wake wa Zanzibar na Tanga, akaniuliza aanze na nani. Nikamwambia aanze na mteja mwenye deni dogo kwake na anayempenda sana. Tumekubaliana kesho saa nne aniletee madira matatu tuyapige picha kizingitini kwangu, kwake jua linaingia kali.